Kuachishwa mashine ya kupumulia: majibu kwa wanaouguza

Shikamoo dokta. Mama yuko ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Moshi, siku ya sita kwenye mashine ya kupumulia. Leo wamesema wanapunguza dawa za usingizi waanze kumtoa. Wamemkatia tamaa? (Binti, Majengo)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hawajamkatia tamaa hata kidogo. Mgonjwa huanza kuachishwa mashine pale ugonjwa uliomlaza, tuseme nimonia, unapotulia, presha imekaa sawa na hahitaji tena oksijeni nyingi. Kuchelewa nako kuna madhara: msuli mkuu wa kupumua, ule ulio chini ya mapafu, hudhoofika ndani ya siku chache, na mpira wa kooni, ule unaopitisha hewa ya mashine, huongeza hatari ya maambukizi.

Akishaamka, mashine hupunguzwa nguvu apumue mwenyewe kwa dakika 30 hadi saa 2. Muuguzi hukaa karibu akimwangalia: anahema harakaharaka? Jasho linamtoka? Mabega yanapanda kila akivuta pumzi? Huambiwa abane mkono wa muuguzi, kisha akohoe kwa nguvu. Kikohozi hicho kina uzito kweli, maana mpira ukitoka ndicho kitakachotoa makohozi.

Baba alijaribiwa juzi, akachoka mapema, wakamrudishia mashine. Ndiyo basi tena? (Njiro, Arusha)

Hapana, ndugu yangu. Wapo wengine pia wanaoshindwa mara ya kwanza. Hupumzishwa, kwa kawaida hadi kesho yake, huku madaktari wakitafuta kilichomchosha: moyo, maji mapafuni, makohozi, upungufu wa damu. Waulizeni wamegundua nini. Ni haki yenu kujua. Ikichukua muda mrefu wanaweza kushauri atobolewe tundu la kupumulia shingoni. Msiogope kusikia hivyo, kwa wengi huja kuzibwa.

Mgonjwa wetu akizinduka anataka kuung'oa mpira, hatutambui. Amerukwa na akili? (Sakina, Arusha)

Ni kuchanganyikiwa kwa mgonjwa mahututi, na mara nyingi hupita. Mwite kwa jina, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Kama huvaa miwani, mpelekeeni. Kuongea hawezi, mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Mwulizeni ya kujibu kwa kichwa.

Kaka katolewa jana, sauti imekwaruza. Tumempikia mtori, manesi wamekataa. (Moshi)

Wako sahihi. Kumeza huweza kuvurugika baada ya mpira, chakula kikaingia mapafuni. Wapeni nafasi wampime kwanza. Na siku 2 hizi akianza kuhema kwa shida, mwiteni muuguzi papo hapo: wapo wanaolazimika kurudishiwa mpira.