Negativu za mzee zinanuka siki, nitupe?

SWALI: Sasa mhariri, mzee wetu alikuwa na studio ya picha River Road miaka ya 70 na 80. Alipofariki alituachia mkebe mkubwa wa biskuti umejaa negativu, albamu moja ya zile za gundi, na kaseti ya VHS ya harusi ya dada. Juzi nimefungua mkebe ukatoa harufu ya siki hadi macho yakawasha, mama anasema tutupe. Watu wa makumbusho hufanyaje? Na wanaweza kuzichukua?
Msomaji, Umoja

JIBU: Mwambie mama angoje kidogo. Hiyo ni siki kweli. Filamu nyingi za enzi hizo ni za asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwa joto na unyevu inaanza kuoza na kutoa asidi ileile ya siki, halafu hiyo asidi ndio inazidi kuiozesha, na mvuke wake unaharibu hata zile nzima zilizo kando, sasa fikiria mkebe uliofungwa kwa kifuniko miaka yote hiyo! Makumbusho huweka ndani ya boksi vijikaratasi vya bluu vinavyogeuka kijani kisha njano asidi ikipanda, ndio wajue gani ni mgonjwa. Wagonjwa wanatengwa, halafu zote zinaingia chumba baridi na kikavu, kwa sababu baridi haiponyeshi lakini inachelewesha sana.

Wewe chagua siku kavu, fungua madirisha, vaa glavu za mpira zisizo na poda, shika negativu ukingoni tu. Zinazonuka weka kando, kila moja kwa bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si ya plastiki, hewa chafu lazima itoke. Zilizoanza kujikunja skani kabla ya zingine zote, maana zikishafanya makunyanzi ni kazi ya fundi. Boksi la bahasha hizo likae kwa kabati ya chumba cha ndani, si juu ya dari chini ya mabati na si sakafuni, hasa mvua ya Machi hadi Mei ikianza. Kuna watu watakwambia weka kwa friza. Ni kweli makumbusho hufanya hivyo, lakini na stima yetu hii ya kupotea kila saa, zikiyeyuka na kuganda tena na tena unyevu utazimaliza, mimi nisingejaribu.

Albamu ya gundi ndio adui mwenyewe. Piga kila ukurasa picha kwanza na simu, halafu jaribu kupitisha uzi wa meno usio na nta chini ya picha, polepole. Ikikataa iache, usivute. Za rangi zikiwa zimegeuka nyekundu usijilaumu, rangi zingine hufifia hata gizani, nyeusi na nyeupe ndizo hudumu.

Kuhusu kupeana: makumbusho yoyote itauliza ni nani hao kwa picha, ni wapi, mwaka gani, na wewe ni nani kwa mzee. Negativu elfu bila majina ni mzigo kwao. Kwa hivyo keti na mama na penseli laini sasa hivi, andika juu ya bahasha. Mkipeana, muwe na barua iliyowekwa sahihi inayosema haki za picha ni za nani, hapo ndipo familia nyingi huja kugombana.

Kaseti ikiwa na ukungu mweupe usiitie kwa deki yoyote, itachafua na deki yenyewe. Mpelekee fundi wa kuhamisha video, na umwambie kabla hajaiweka.