Muulize Fundi: Hita inavuma baridi tu

*Shikamoo fundi. Mimi ni dereva, niko Ujiji, Kigoma. Bosi wangu Mmarekani ana gari la kulala lenye jiko na hita ya gesi, na mwezi wa saba nampeleka Njombe. Gari limekaa miezi minane chini ya mwembe. Nimejaribu hita: feni inavuma, ila hewa ni baridi mpaka mwisho, na hakuna mlio mwingine. Jiko linawaka vizuri. Taa za ndani hufifia kidogo feni ikianza. Fundi mmoja anasema bodi ya umeme inayoiendesha hita imekufa, tuagize Marekani. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Hita Kigoma! Hapa Tabora kwenyewe sijaona wa kuihitaji. Ila Njombe mwezi wa saba si pa kubahatisha, itengenezeni hukohuko kwenye joto.

Bodi msiagize. Hita ya aina hiyo haifungui gesi mara tu unapowasha. Feni hutangulia, na upepo wake husukuma kibati chepesi kilichofungwa kwenye swichi. Kibati kikibonyea, ndipo bodi hufungua vali na kupiga cheche: tik-tik-tik. Wewe hiyo tik-tik huisikii, basi mambo yamekwama kabla ya gesi. Feni ikizunguka kwa unyonge kibati hakisogei, utapulizwa baridi hadi alfajiri. Na taa zako zinafifia. Mimi naitazama betri.

Pima betri kwa mita ya volti feni ikiwa inazunguka, siyo imezimwa. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Feni ikiivuta hadi 10.5 hivi, hata ubadilishe bodi tatu hutapata moto. Lakini kabla hujailaumu betri, fungua vichwa vyake. Niliwahi kumnunulisha mteja bodi mpya, tukaisubiri wiki sita, nikaifunga, baridi ileile. Kumbe chini ya kichwa cha hasi kulikuwa na ule unga mweupe wenye ukijani. Nikapiga msasa, hita ikawaka. Yule mzee tukionana sokoni bado ananiita "Bodi".

Betri ikiwa safi, funga mtungi, chomoa waya wa betri, kisha chungulia tundu la hita lililo ubavuni mwa gari. Miezi minane chini ya mwembe, nyigu wa udongo hawakosi. Kiota kimoja tu kinatosha kubana hewa, na kibati nacho hugandwa na vumbi.

Siku ukisikia tik-tik bila moto, hapo ndipo uanze kuwaza gesi: fungua mtungi polepole, maana ukiufungua kwa pupa vali ya usalama huubana, kisha washa jiko kidogo litoe hewa iliyo bombani. Viungo vyote vya bomba vipake povu la sabuni, uone kama gesi inavuja. Na bosi asilale humo hita ikiwaka kabla hamjahakikisha moshi wote unatoka nje. Kaboni monoksidi haina harufu.

Niandikie mita imesoma ngapi.