Moyo Kwenda Mbio: Hesabu Kwanza, Dawa Baadaye

Shikamoo daktari. Moyo wangu unakwenda mbio. Nitumie dawa gani?

Marahaba. Swali hili huletwa kila mwezi, na kila mwezi halina namba. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na kati ya 60 na 100. Hesabu, kisha uniandikie.

Nilipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nikaambiwa niko sawa. Lakini usiku moyo unaanza kudunda ghafla, halafu unaacha ghafla. Nimedanganywa?

Hapana. Karatasi ya ECG hunasa sekunde 10 hivi, na wakati ule moyo ulikuwa umetulia. Mapigo yanayoanza na kukoma ghafla, hasa yakipita 150, mara nyingi hutokana na hitilafu katika njia za umeme wa moyo, nayo huonekana yakiwa yanatokea. Yakianza, wahi kituo chenye mashine. Karatasi yako iombe, uitunze. Yakikujia karibu kila siku, ulizia Holter, kifaa cha kurekodi mapigo unachokivaa saa 24 au 48.

Na damu je, walipima? Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huukimbiza hata moyo usio na ugonjwa. Inaniuma kuona akina mama wenye hedhi nzito wakiambiwa "ni mawazo tu" kabla hata ya kupimwa wingi wa damu.

Jana jirani alinigawia propranolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, nikapata nafuu. Niendelee? Nina pumu kidogo.

Usimeze tena hata kimoja! Dawa hiyo inaweza kukubana kifua ukakosa pumzi, na pumu "kidogo" haikulindi. Dawa yako ya kuvuta usiiache. Ikiwa ndiyo inayokudundisha moyo, mwambie daktari wako.

Kahawa inaruhusiwa?

Ipunguze wiki mbili uone. Mimi naogopa zaidi miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa dereva asiyelala.

Mwanangu wa miaka 14 alizimia akikimbia shuleni. Anasema moyo ulidunda sana kabla. Mwalimu anasema ni njaa.

Mama, asikimbie tena mpaka apimwe ECG na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kuzimia katikati ya mbio ni dalili ya hatari. Waulize wazee kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kumbuka pia kama mtoto aliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba, maana homa ya namna hiyo huweza kuharibu vali, yaani milango ya moyo. Mpeleke kesho asubuhi, usingoje likizo.