Kabla hujasaini kupigwa picha ya ubongo kwa ajili ya utafiti

Baba yangu alipata kiharusi tukiwa bado tunaishi Kiborloni, na tangu hapo habari yoyote ya ubongo hainipiti. Nilipoulizwa hapa Moshi kama ningejitolea kwenye utafiti wa kumbukumbu, upande wa watu wazima wasioumwa wanaolinganishwa na wagonjwa, nilikubali siku ileile. Nilikubali kabla sijaelewa. Wewe elewa kwanza.

Kipimo chenyewe ni MRI. Hakina mionzi kama ya eksirei. Kinatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Sumaku hiyo kwa kawaida haizimwi, hata mashine ikiwa haipigi picha. Kwa hiyo ukiulizwa habari za chuma, sema ukweli wote: kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, klipu ya upasuaji, kipande kilichowahi kukurukia jichoni ukichomelea mageti. Kama una kitanzi cha uzazi wa mpango na hutaki jamaa zako wasikie, omba kuzungumza na mhudumu faragha, lakini usifiche.

Dada zangu, nywele! Hili hakuna aliyenidokeza. Kichwa kinawekwa ndani ya kifaa kama kofia ngumu, kinabana kote. Mimi nilikuwa nimesuka rasta nene nikazifunga fundo, kichwa kikagoma kuingia, ikabidi nifumue huku watu wananisubiri. Nenda na nywele zilizolala, bila pini wala wigi lenye vibanio. Sidiria yenye waya utaivua. Chooni nenda kabla.

Kelele zake ni kama mafundi wa gereji wananyoosha bodi la gari na wewe umo ndani. Viziba masikio utapewa. Hakikisha vimeingia sawasawa. Unaweza kuhisi joto kidogo, hata kizunguzungu kitanda kinaposogea. Mkononi unashika kimpira cha kuita msaada. Nilikibonyeza baada ya dakika chache tu, moyo ukinienda mbio. Walinitoa, wakaniambia, "Pole dada, pumzika," na hakuna aliyenikemea. Mara ya pili nilifumba macho kabla kitanda hakijasogea, nikayafumbua pale tu nilipotakiwa kutazama picha. Dakika 40 zikapita.

Kuna sehemu nilitazama picha na kubonyeza kitufe. Hapo mashine inafuatilia damu inavyobadilika kwenye sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Mawazo yako haiyasomi, ingawa shangazi yangu bado haamini.

Niliporudi nyumbani mama aliuliza, "Wamesema ubongo wako ni mzima?" Sikuwa na jibu. Picha za utafiti si za matibabu, na si lazima zisomwe na daktari bingwa wa radiolojia. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuchagua ujulishwe au usijulishwe wakikuta kitu; nilitia alama bila kusoma, kisha kwa wiki mbili kila namba ngeni ikinipigia nashtuka.

Basi omba fomu ya Kiswahili uende nayo nyumbani. Uliza kama utafiti una kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na wakwambie wazi kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma yako. Kisha uliza lile ambalo mimi sikuuliza: wakiona kitu, nani atanipigia, nitapelekwa wapi, na kipimo kitakachofuata atalipa nani?