Swali la lugha: Mama anaimba “sina hela”, mwimbaji anasema “sina hila”

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Chikongola, Mtwara. Kuna wimbo mmoja wa zamani wa dansi ambao mama yetu ameuimba tangu sisi wadogo, hasa akiwa anabangua korosho: “Sina hela, moyo wangu u wazi, kama zipo, zitafute.” Watoto wote watano tumeushika hivyo. Mwezi uliopita mdogo wetu wa mwisho aliupata wimbo huo kwenye simu akatuwekea. Mwimbaji anasema “sina hila”. Mama kakataa katakata. Sasa kila akianza kuimba, mdogo wetu anasema, “Mama hasikii!” Je, hila na hela ni neno moja lililobadilika njiani? Kiswahili kinasemaje kuhusu mtu aliyesikia maneno ya wimbo tofauti na yalivyoimbwa? Tena tunaandaa sherehe ya mama ya kutimiza miaka 60, na tunataka maneno ya wimbo huo yawe kwenye kadi. Tuandike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na huyo mdogo wenu, kwa sababu katika barua yote hii ni yeye aliyeteleza kwenye Kiswahili.

Ukisema “mama hasikii” unamtia mama katika moja ya mambo mawili, na hakuna linalomstahili. La kwanza ni uziwi. La pili ni ukaidi. Mtoto asiyesikia ni mtoto asiyeambilika. Ndiye tunayesema hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mtoto msikivu naye hatumsifu kwa masikio mazuri, tunamsifu kwa utii. Kwa hiyo neno hilo likielekezwa kwa mzazi linavunja heshima, hata kama mtoto alikusudia utani. Mwambieni aliache. “Mama amesikia vibaya” ni afadhali, ila inakaa karibu mno na “anajisikia vibaya”, na mtu akiidaka nusu kwenye simu atadhani mama anaumwa.

Mimi ningesema “mama amesikia sivyo”, na nikitaka kukaza, “amesikia ndivyo sivyo”. Kauli hiyo inaweka tatizo kwenye jambo lililosikika, haimgusi msikiaji. Hapa Kiswahili kinatumia kitenzi, hakina nomino moja iliyozoeleka. Waingereza na Wamarekani wanayo, nayo ilizaliwa kwa mama na mtoto kama nyinyi. Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani Sylvia Wright alieleza kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimsomea utenzi wa Uskoti juu ya bwana mmoja mkubwa aliyeuawa kisha akalazwa kwenye majani. Maneno ya “wakamlaza kwenye majani”, kwa Kiingereza “laid him on the green”, yalimwingia mtoto sikioni kama jina la mwanamke, “Lady Mondegreen”, yaani Bibi Mondegreen, aliyeuawa pamoja na yule bwana. Alipokuja kuambiwa ukweli, akasema lake ni zuri zaidi, na jina la huyo bibi asiyekuwepo likawa ndilo jina la makosa yote ya namna hiyo. Sioni haja ya kulikopa. Kitenzi chetu kusikia ni kipana kuliko masikio: tunasikia sauti, tunasikia njaa, baridi, harufu ya samaki, raha na uchungu. Anayesikia sivyo ameupokea wimbo kwa mwili mzima, na ndivyo ninavyoamini ilivyotokea kwa mama yenu.

Sasa hila na hela. Si neno moja, wala hayana undugu. Hila tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni ujanja wa kumzunguka mtu. Hela ni neno la juzi. Mwaka 1904 Wajerumani walibadili hesabu ya rupia yao katika koloni hili. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Wakaigawa upya ikawa heller 100. Heller ilikuwa jina la sarafu ya zamani ya kwao, lililotokana na mji wa Schwäbisch Hall, na kinywa cha Mswahili kikaifanya hela. Mkipita Mikindani, lile boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 limesimama mpaka leo. Watu waliolipia kodi kwenye maboma ya namna ile ndio waliotuachia neno hili. Wajerumani wakaondoka, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia mwaka 1921, sarafu ya heller ikapotea mikononi, lakini jina halikuondoka. Wakenya wengi hadi leo husema pesa; hela ni yetu zaidi sisi wa upande huu.

Basi neno la Waarabu na neno la Wajerumani yamekutana kwenye ukumbi wenu Chikongola, na tofauti yao ni irabu moja. Hebu jaribu kitu. Tamka i, kisha e. Utaona midomo imetanuka vilevile, ulimi uko mbele vilevile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye e ulimi umeshuka kidogo na taya limefunguka. Sasa imba i kwa sauti ya juu kabisa unayoiweza. Taya litafunguka lenyewe, kwa sababu sauti ya juu inataka nafasi kinywani, na ile i itaanza kuelekea e. Kama mwimbaji wenu amelipandisha neno “hila” juu na kulivuta, kama waimbaji wa dansi wanavyopenda, basi kilichotoka redioni kilikuwa katikati ya i na e. Mama alilazimika kuchagua.

Angalieni pia alikuwa akifanya nini. Anayebangua korosho za kukaanga nyumbani amepaka vidole majivu ili mafuta ya ganda yasimbabue, macho yako kwenye korosho isivunjike, na mkono unagonga ko, ko, ko bila kupumzika. Pigo moja likiangukia kwenye silabi ya kwanza ya “hila”, irabu imekwenda. Mimi nimekulia Lindi kwenye nyumba yenye redio ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya nusu saa ya salamu na muziki. Nyimbo za utotoni mwetu zilitufikia hivyo, zikiwa na mashimo, na kila nyumba iliyaziba kwa maneno iliyokuwa nayo.

Na nyumba ya mkulima wa korosho ina neno gani tayari? Hata kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti, analipwa yakishauzwa) kuanza kwenye korosho mwaka 2007, na hata baada yake, kuna siku za kungoja kati ya kupeleka gunia na kushika malipo. Siku hizo “sina hela” ni sentensi ya asubuhi, mchana na jioni. “Sina hila” tunaisikia wapi? Msikitini na kanisani, kwenye mawaidha juu ya hila za shetani; kwenye barua za zamani za mapenzi; mitaani ni kwa nadra. Sikio likipewa sauti iliyo katikati, hulipeleka kwa neno linalolijua.

Nimeyaona haya kwa watoto shuleni miaka mingi. Wimbo wa taifa umeziita hekima, umoja na amani ngao zetu. Nilipokuwa nafundisha madarasa ya chini, nilikutana na madaftari yaliyoandikwa “nguo zetu”, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mtoto wa darasa la pili ana nguo, anafuliwa nguo, anagombezwa kwa kuchafua nguo. Ngao anaiona kwenye nembo ya taifa, na pale kwao wanaiita “bibi na bwana”. Sikuwahi kumpiga mtoto yeyote kwa kosa hilo. Nilichora ngao ubaoni.

Hapa ndipo nataka mkae kidogo na mimi, kwa sababu watu wengi hudhani kosa la wimbo hudumu kwa kuwa mtu ni mzito wa kusikia. Katika Kiswahili hudumu pale sarufi inapolikubali. Ngao na nguo ni ngeli moja, kwa hiyo “zetu” inakaa kwenye zote mbili na hakuna kinachomshtua mtoto. Hila na hela vilevile: hila zangu, hela zangu, hila zipo, hela zipo. Lakini chukua ua. Mwimbaji akisema “ua langu”, huwezi kuishi miaka 30 ukidhani anaimba uani kwake, maana huo ungekuwa “ua wangu”. Kiambishi kimoja tu kingekurudisha njiani.

Kuna makosa mengine yanayotokana na mipaka ya maneno, na haya hayakai. Mtoto akisikia “njoo nikupe moyo” anaweza kusikia “njoo, ni kupe”, akajiuliza ng’ombe wameingiaje kwenye mapenzi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kimakonde huirefusha silabi hiyo hiyo, kwa hiyo masikio ya Mtwara yamezoea kuitumia kama alama ya mwisho wa neno. Mkazo ndio unaotenganisha barabara ya kupita magari na barabara ya kusema “sawasawa”, ambayo huibana sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo. Lakini ni, na, si na kwa ni maneno mafupi yasiyobeba mkazo wao. Hujibandika kwenye neno linalofuata. “Nikupe” na “ni kupe” zinatoka kinywani sawa kabisa. Kinachomwokoa mtoto ni neno la mbele: “kupe moyo” haina maana, naye huiacha mwenyewe bila kuambiwa. (Na kwa kuwa nimefika hapo: vijana wanaoandika “na kupenda” kwenye ujumbe wa simu wakimaanisha mapenzi, unganisheni. Nakupenda ni neno moja. “Na kupenda” ni sentensi inayongoja mwenzake.)

Rudini sasa kwenye mstari wa pili wa wimbo wenu, “kama zipo, zitafute”. Mwimbaji anamwambia mpenzi wake: sina ujanja, moyo wangu u wazi, kama hila zimo humu zitafute uzione. Mama anasema: sina hela, moyo wangu u wazi, kama hela zipo zitafute. Zi- inawatumikia wote wawili. Hata “u wazi” imesaidia, kwa kuwa asiye na hela akisema moyo wake u wazi ametoa alichonacho. Wimbo mzima ulimwitikia mama, mstari kwa mstari, miaka yote hiyo. Angeshtuka kwa lipi? Ndiyo maana amekataa katakata, na mimi namwelewa. Mkitaka kumwonyesha, msimwambie “umekosea”. Mwekeeni wimbo wakati mikono yake imepumzika, kisha mseme, “Mama, sikiliza hapa, mwimbaji anasema hila.” Kusikiliza ni kuelekeza sikio kwa makusudi, na hapo atajiamulia.

Kuhusu kadi. Mkiandika jina la bendi au la mtunzi chini ya maneno hayo, basi andikeni “hila”, kwa sababu ni kazi ya mtu na hamna ruhusa ya kumbadilishia neno. Kama maneno yanawekwa pale kama wimbo wa mama, wimbo mliolelewa nao, andikeni “hela” ndani ya alama za kunukuu, na chini yake “kama mama anavyouimba”. Hiyo ni nukuu sahihi. Mstari wa pili msiuguse, wala msiongeze maelezo pembeni. Na huyo wa mwisho, aliyeupata wimbo kwenye simu, mpeni yeye kazi ya kuandika kadi kwa mkono.