Ukitaka kuujua Uyahudi, anza na Ijumaa jioni

Miongozo mingi ya wanaoanza kujifunza dini ya Kiyahudi hufuata mpangilio uleule: Ibrahimu, Musa, Hekalu, mambo ya imani, halafu mwishoni, msomaji keshachoka, ndipo inakuja Sabato, chakula na sikukuu. Ushauri wangu ni kwamba uusome mwongozo huo kuanzia nyuma. Habari za Ibrahimu na Musa unazo tayari, uwe ulizipata kanisani au madrasa. Usichokijua ni kinachofanyika nyumbani kwa Myahudi siku ya Ijumaa jua likikaribia kuzama.

Mimi sura ya Sabato ndiyo niliyoifungua kwanza. Mishumaa huwashwa kabla ya machweo, divai husomewa baraka, mikate miwili hukaa mezani imefunikwa kitambaa, na tangu hapo mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku, kazi hakuna. Sasa kazi ni ipi? Marabi walihesabu aina 39, wakizitoa katika shughuli za kuijenga ile hema ya kukutania jangwani: kupanda, kuvuna, kusuka, kushona, kuandika, kuwasha moto na nyinginezo. Kwa hiyo unaweza kuhamisha meza nzito kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine, lakini kuandika herufi mbili huruhusiwi. Jasho si kipimo. Ukilielewa hilo, umeshaanza kuona jinsi marabi wanavyofikiri, na sura zote zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati yake hapa. Wageni wengine hutatizika na siku inayoanza magharibi, lakini mzee wa pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha usiku unaoifuata Alhamisi mchana. Miezi ya mwandamo nayo tunaijua. Tofauti ni kwamba Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ilhali Pasaka ya Wayahudi haina budi kuangukia majira ya kuchipua kule Israeli. Basi huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19. Tafuta kalenda yao, uiweke kando ya kitabu, na usome kila sikukuu inapofika. Yom Kippur, siku yao ya kuomba toba, ikisomwa wakati wenyewe wanafunga saa zipatazo 25 bila chakula wala maji huingia akilini kuliko ikisomwa mwezi mwingine wowote.

Sura ya chakula usiipite haraka. Taurati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Kutokana na katazo hilo fupi, marabi walitenga nyama na maziwa kabisa: vyombo mbalimbali, na muda wa kungoja baada ya kula nyama. Wengi hungoja saa sita, wengine tatu, na Wayahudi wa Uholanzi wana desturi ya saa moja. Yaani pilau ya nyama ikishushiwa chai ya maziwa, kama tunavyopenda, haiwezekani. Nguruwe hawali, hilo kila mtu analijua. Ngamia pia hawali, na hilo huwashangaza jirani zangu Waislamu kila ninapolitaja.

Kisha njoo kwenye vitabu, na hapa ndipo penye uzito. Ukidhani Uyahudi ni Agano la Kale tu, hutaelewa kwa nini hakuna anayechinja kondoo wa kafara leo. Warumi waliliteketeza Hekalu mwaka 70, kafara zikakoma, sala na masomo vikashika nafasi yake. Karibu mwaka 200, Rabi Yehuda HaNasi aliikusanya Mishna, yaani sheria zilizokuwa zikipokezanwa kwa mdomo, na juu yake ikajengwa Talmudi, mjadala mrefu wa marabi kuhusu Mishna hiyo. Ningekushauri usome japo ukurasa wa kwanza wa Mishna. Hauanzi na Mungu ni nani. Unaanza na swali: sala ya Shema ya jioni husomwa tangu saa ngapi? Rabi Eliezer anasema mwisho wake ni zamu ya kwanza ya usiku, wenzake wanasema usiku wa manane, Rabban Gamaliel anasema mpaka alfajiri. Halafu wanawe Gamaliel wanarudi usiku sana kutoka karamuni, hawajasali, naye anawaambia: kama hakujapambazuka, bado mna wajibu. Rai zote zimeandikwa, hata zilizoshindwa. Ukizoea dini inayokupa jibu moja, utataabika kidogo.

Jihadhari na jambo moja la huku kwetu. Kanisa kupiga baragumu la pembe na kutundika bendera ya Israeli hakulifanyi kuwa la Kiyahudi. Wayahudi wa Afrika Mashariki wapo. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi, alipoamua kuifuata Taurati. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, lakini wakadumu, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja hilo Marekani mwaka 2008. Nairobi nayo ina jumuiya ya Kiyahudi tangu 1904.

Ukitaka kuhudhuria ibada, andika mapema uombe ruhusa, na ubebe kitambulisho, kwa sababu masinagogi mengi yana ulinzi mkali. Usiogope kuvutwa ubatizwe, kwa kuwa hawatafuti waumini. Kwa mafundisho yao, asiye Myahudi zinamtosha amri saba za Nuhu, na anayeomba kuingia huweza kusomeshwa mwaka au zaidi. Mwanamume afunike kichwa. Simu izime, na daftari liache nyumbani ikiwa ni Sabato, maana umeshajua kuandika kumo katika zile 39. Kitabu cha sala hufunguliwa kutoka kulia, na ukipotea, muulize aliye pembeni yako mko ukurasa gani.