Aldosteroni imepanda, mbona potasiamu haimwagiki?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba aldosteroni hurudisha sodiamu mwilini na kutoa potasiamu kwenye mkojo. Sasa, mtu akitokwa na damu nyingi aldosteroni yake hupanda sana. Mbona potasiamu haimwagiki yote? Na je, madini haya mawili hubadilishana papo kwa papo, moja likiingia lingine linatoka?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Hayabadilishani kwa mlango mmoja. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, na sehemu kubwa ya sodiamu na potasiamu hurudishwa damuni mapema, aldosteroni haijagusa kitu. Homoni hii, inayotoka tabaka la nje la tezi za adrenali, hufanya kazi mwishoni mwa mirija ya figo. Sodiamu inayobaki huko ni asilimia chache tu, ila potasiamu unayoipima kwenye mkojo kwa kawaida imemwagwa hapohapo.

Itazame seli moja ya huko. Upande wa damu ina pampu inayosukuma sodiamu 3 nje na kuvuta potasiamu 2 ndani. Kwa hiyo ndani ya seli sodiamu ni haba, potasiamu tele. Upande wa mkojo kuna matundu ya sodiamu, na mengine tofauti ya potasiamu. Sodiamu ikiingia huondoka na chaji yake chanya, mkojo unabaki na chaji hasi, na hiyo ndiyo inayoivuta potasiamu nje. Ushahidi ni dawa ya amiloraidi: huziba matundu ya sodiamu peke yake, lakini potasiamu nayo hubaki mwilini. Aldosteroni huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamuru matundu na pampu viongezwe, ndiyo maana matokeo yake huchukua saa, si sekunde.

Sasa mgonjwa wako aliyetokwa na damu. Matundu yako wazi, sawa, lakini sodiamu ya kupita iko wapi? Damu ikipungua figo hutoa renini, nayo huzalisha homoni ya angiotensini. Angiotensini hiyo, ileile iliyoichochea adrenali, imeshazihimiza sehemu za mwanzo za mrija kuivuta karibu yote. Kinachofika mwishoni ni kidogo na kinakwenda taratibu, kwa hiyo potasiamu haina kinachoivuta wala mkondo wa kuichukua. Kwa maneno mengine, aldosteroni peke yake haitoshi. Lazima sodiamu na maji vifike.

Potasiamu ya damu ikipanda, mambo ni tofauti. Yenyewe huichochea adrenali moja kwa moja bila kungoja renini, tena huzuia sodiamu isivutwe sehemu za juu ya hapo, ili ifike ya kutosha. Homoni ni ileile, matokeo mawili.

Mtu anayetumia furosemaidi, dawa ya kukojosha, ndiye hupata hasara: amepungukiwa maji, aldosteroni iko juu, na dawa inateremsha sodiamu kwa wingi hadi mwishoni. Potasiamu lazima ishuke. Kwa ugonjwa wa Addison ni kinyume chake: aldosteroni haipo, sodiamu inapotea, potasiamu inapanda hadi kuhatarisha mapigo ya moyo.

Kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, nayo hutoshea kwenye kipokezi cha aldosteroni, na iko nyingi zaidi damuni. Isingekuwa kimeng'enya kinachoigeuza ndani ya seli hizi kuwa kotisoni, isiyokiamsha kipokezi hicho, ingeitawala figo.

Ukiwa wodini, ukakuta mgonjwa wa presha ana potasiamu ya damu chini ya 3.5 mmol/L na hatumii dawa ya kukojosha, usiridhike na kumpa vidonge vya potasiamu tu. Mkumbushe daktari apime aldosteroni na renini kwa pamoja. Aldosteroni ikiwa juu huku renini iko chini, mashaka yaelekee kwenye adrenali yenyewe, hali aliyoieleza daktari Mmarekani Jerome Conn mwaka 1955.